Kondishena au maski: nywele za Bukene zinataka nini

Kondishena na maski ya nywele ni bidhaa za ukoo mmoja. Zote mbili ni krimu ya maji, mafuta na kemikali zenye chaji chanya, ambazo hujishika kwenye unywele uliooshwa, zikaulainisha na kulipunguzia chanuo kazi. Kondishena ni nyepesi, hukaa kichwani dakika 2 hadi 5 na hutumika kila nywele zinapooshwa. Maski ni nzito, ina mafuta mengi zaidi na mara nyingi protini, hukaa dakika 10 hadi 30, na hutumika mara moja kwa wiki mbili au kwa mwezi.

Mpaka huo hauchungwi sana na wenye viwanda. Dukani lipo kopo lililoandikwa maski ambalo ndani yake ni kondishena iliyoongezewa manukato na bei, na ipo kondishena nzito kuliko maski iliyopangwa pembeni yake. Mnunuzi anayeanza na kibandiko hulipa zaidi bila kupata zaidi. Kinachoamua ni hali ya nywele zenyewe, maji yanayoziosha na mambo yaliyozipata miezi iliyopita. Hayo hutofautiana kati ya mji na mji, na ushauri uliotungwa kwa ajili ya nywele zilizonyooka, bomba lenye presha na bafu lenye maji moto haufai kuhamishwa mzimamzima hadi kwenye mji mdogo wa Unyamwezi kama Bukene.

Unywele ukishatoka nje ya ngozi si kitu hai. Hauli, haupumui wala haujitibu. Sehemu iliyo hai ni shina, nalo limefichwa ndani ya ngozi ya kichwa. Kinachoonekana ni protini iitwayo keratini, iliyofunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na juu ya magamba hayo kuna utando wa mafuta asilia, mwembamba kupita kiasi, unaofanya maji yateleze. Dawa ya kunyoosha, blichi, rangi, sabuni kali na msuguano wa kila siku huubandua utando huo. Ukishabanduka haurudi kwenye unywele uleule. Magamba hubaki wazi, nywele hunywa maji haraka na kuyapoteza haraka, hukwaruzana, hujifunga mafundo na mwishowe hukatika.

Hapo ndipo kazi ya kondishena inapoanzia. Unywele uliochakaa hubeba chaji hasi, tena ile sehemu iliyochakaa zaidi ndiyo yenye chaji hasi nyingi zaidi. Kemikali kama behentrimoniamu na setrimoniamu, zinazoonekana mwanzoni mwa orodha ya viambato, zina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa kwenye unywele na kukaa zaidi kwenye ncha, ambako ndiko kwenye shida. Alkoholi za mafuta, kama setili na setearili, huupa mchanganyiko uzito na utelezi. Wengi huliona neno alkoholi wakadhani ni spiriti inayokausha. Alkoholi hizi ni nta laini, hazina ukali wa spiriti hata kidogo. Dimethikoni, ambayo ni aina ya silikoni, hufunika magamba kwa utando unaong'aa. Zile kemikali zenye chaji chanya ni ndugu wa zile za vilainishi vya nguo, na bila shaka mtengenezaji asingependa jambo hilo liandikwe kwenye kopo lake.

Nywele za kipilipili zina mahitaji ya peke yake. Unywele wake ukikatwa na kutazamwa kwa darubini una umbo bapa, na kila unapojikunja pana sehemu dhaifu. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye mizunguko hiyo, kwa hiyo ngozi inaweza kuwa na mafuta huku ncha zikiwa kavu. Hukua polepole kidogo kuliko nywele za Kizungu au za Kihindi, kama sentimita 0.8 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba ncha ya unywele wa sentimita 20 imekwisha kupitia zaidi ya miaka miwili ya jua, vumbi, mito ya kulalia, misuko na mifumuo. Jambo jingine ambalo wasusi wanalijua kwa mikono yao, na maabara imelithibitisha, ni kwamba nywele za kipilipili huchanwa kwa nguvu ndogo zaidi zikiwa mbichi kuliko zikiwa kavu. Kwa nywele zilizonyooka mambo huwa kinyume chake. Kwa hiyo ule ushauri unaosambaa kwamba nywele zisichanwe zikiwa mbichi ni wa watu wengine.

Bukene ipo wilayani Nzega, mkoani Tabora, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, katika uwanda wa kati wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Mvua huanza kama Novemba na kukoma kama Aprili. Baada ya mpunga kuvunwa huja miezi mingi ya ukavu: kipupwe cha Juni na Julai chenye upepo na vumbi, kisha joto kali la Septemba na Oktoba kabla mawingu hayajarudi. Hewa ya miezi hiyo ina unyevu kidogo sana. Bidhaa zinazotegemea gliserini au asali kuvuta unyevu kutoka hewani hazina cha kuvuta, na msusi wa huku huona mwezi wa nane nywele zilezile zilizokuwa laini mwezi wa pili zikivunjika mkononi.

Maji nayo yana neno. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya miamba ya granaiti, na baadhi ya visima hutoa maji magumu, yale yanayoitwa kwa mazoea maji ya chumvi, ambayo sabuni hupigwa mpaka mkono uchoke ndipo povu litokee. Ugumu huo unatokana na kalisi na magnesi. Madini hayo yakikutana na sabuni hutengeneza utando mweupe unaoonekana pembeni mwa beseni, na utando huohuo hubaki kwenye nywele. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hayana tatizo hilo, na maji ya Ziwa Victoria, yaliyofikishwa kwa bomba Nzega, Igunga na Tabora, ni laini kuliko ya visima vingi. Nyumba yenye pipa la maji ya mvua ina kitu bora kwa nywele kuliko sehemu kubwa ya rafu ya duka la vipodozi.

Kisha ipo sabuni yenyewe. Katika nyumba nyingi kichwa huoshwa kwa sabuni ya mche, kwa sababu ipo na ni rahisi. Sabuni ya mche ina ubesi, kiwango chake cha pH kikiwa kama 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, kama 5.5. Ubesi huinua magamba ya unywele. Sabuni ya mche pamoja na maji ya kisima kigumu ni jozi mbaya kuliko zote. Nywele hutoka safi, kweli, lakini zimekakamaa na kukwaruza. Katika hali hiyo mwenye nywele hudhani anahitaji maski ya bei, kumbe angebadilisha sabuni kwa shampuu ya kawaida, au angesuuza mwishoni kwa lita 1 ya maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha siki au maji ya ndimu, nusu ya tatizo ingeisha. Asidi hiyo kidogo hulaza magamba na kuyeyusha ule utando. Ndimu isipakwe kichwani bila kuzimuliwa. Ni kali mno kwa ngozi na kwa unywele.

Kabla ya makopo kufika, watu wa Unyamwezi hawakuwa wakiacha nywele zijitunze zenyewe. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, alieleza katika kitabu chake cha 1860 kwamba Wanyamwezi walisokota nywele katika visokoto vidogo vingi vilivyoning'inia hadi shingoni. Mtindo wa namna hiyo ndio unaozikinga nywele za kipilipili na msuguano, na hadi sasa hakuna bidhaa inayoushinda. Mafuta yalikuwa ya hapohapo. Mbarika huota wenyewe kando ya nyumba na kwenye majalala, na mafuta yake, ambayo wengi huyaita ya nyonyo, ni mazito na yanashika. Wafugaji walikuwa na samli. Karanga na ufuta vilitoa mafuta mepesi zaidi.

Upande wa pili wa njia ya misafara ya Tabora, pwani na ng'ambo hadi Oman, desturi ilikuwa nyingine: mafuta na tui la nazi, hina, na majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa, ambayo hutoa povu na kusafisha bila kukausha kama sabuni. Watu wa pwani na wa Oman waliohamia Unyanyembe na Kwihara, huko Tabora, katika karne ya 19 wamewaachia wajukuu desturi hizo, na mkunazi hauhitaji kuagizwa Muscat. Ni mti wa nchi kavu unaoota pande hizi pia. Hina yafaa kuangaliwa kwa makini. Rangi yake hujifunga kwenye keratini na kuufanya unywele uwe mgumu kidogo, jambo jema kwa nywele legevu na baya kwa nywele kavu, hivyo baada ya hina kondishena ni lazima. Inayoitwa hina nyeusi ni habari nyingine. Mara nyingi huwa imetiwa kemikali ya rangi inayoweza kuichoma na kuivimbisha ngozi vibaya.

Kuhusu mafuta, sayansi imesema jambo moja la wazi. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya petroli, ukaona kwamba ni ya nazi pekee yaliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, yakipakwa kabla au baada. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo ndiyo karibu nusu ya mafuta hayo: molekuli yake ni ndogo na imenyooka, hupenya ndani ya unywele. Mafuta ya alizeti hubaki nje, na ya nyonyo, kwa uzito wake, hayana njia ya kupenya kirahisi. Hayo ni ya kufunika. Kwa Bukene, ambako alizeti na karanga zipo na nazi hutoka mbali, mgawanyo wa kazi unajieleza: mafuta kidogo ya nazi nusu saa kabla ya kuosha, na ya kienyeji baada ya kuosha ili kuzuia maji yasitoke. Mafuta yoyote yakipakwa juu ya nywele kavu kabisa hayazipi unyevu. Hufungia ukavu ndani.

Kondishena basi ndiyo ya kuanzia, na kwa nywele nyingi ndiyo ya kuishia. Nywele ambazo hazijawekwa dawa, hazijapakwa rangi na hazipigwi pasi hazina uharibifu mkubwa wa kushughulikiwa na maski. Zinachohitaji ni utelezi ili zifumuliwe bila kukatika, na utando wa kuchukua nafasi ya ule wa asili. Hupakwa baada ya shampuu kusuuzwa na maji kukamuliwa kwa mkono, maana nywele zinazotiririka huzimua krimu yote. Kichwa hugawanywa mafungu manne au sita. Krimu huanzia ncha kupanda juu, ikaishia vidole viwili kabla ya ngozi. Ngozi haihitaji kondishena. Ikipakwa huko huziba na kuwawasha wenye mba. Kwanza vidole hutafuta mafundo na kuyaachanisha, kisha hufuata chanuo la meno mapana, nalo pia kuanzia ncha. Msusi anayeanza kuchana kwenye shina husukuma mafundo yote yakusanyike chini, halafu huyakata kwa nguvu na kusema nywele za mteja ni dhaifu.

Mahali ambapo maji huja kwa ndoo ya lita 20, kusuuza ni gharama. Kondishena ya kutosuuzwa, inayopakwa kidogo na kuachwa, huokoa maji na katika miezi ya ukavu hufanya kazi vizuri kuliko ile ya kusuuza. Si kila kondishena inafaa kuachwa. Ile ya kusuuza imetengenezwa ikiwa na kemikali nyingi zaidi, na ikibaki kwenye ngozi siku nzima huweza kuwasha. Asiye na uwezo wa kununua zote mbili anaweza kusuuza nusunusu, kopo moja la maji kwa kila fungu, nywele zikabaki na utelezi kidogo bila kunata.

Maski huingia pale ambapo kondishena imeshindwa, na dalili zake si za kubahatisha. Unywele uliochakaa ukivutwa taratibu ukiwa mbichi hurefuka kama mpira usio na nguvu, halafu hukatika bila kurudi. Huo umepoteza protini. Unywele mwingine haurefuki kabisa. Hupiga mlio na kukatika palepale. Huo ni mkavu. Wa kwanza unataka maski yenye protini zilizovunjwavunjwa, ziwe za keratini, ngano au hariri, ambazo ni ndogo kiasi cha kujishika kwenye nyufa na hata kupenya kidogo. Wa pili unataka maski ya mafuta na vilainishi, na ukipewa protini huzidi kukakamaa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Mtu mwenye nywele kavu husikia habari ya maski ya keratini, huipaka kila wiki, na baada ya miezi miwili ana nywele zinazovunjika zaidi na kopo tupu.

Nywele zilizowekwa dawa ziko kwenye kundi la kwanza. Dawa ya kunyoosha, iwe ya hidroksidi ya sodiamu au ile inayotangazwa kuwa haina magadi, ina pH ya zaidi ya 12, na kazi yake ni kukata viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Viungo hivyo haviungwi tena na maski yoyote. Maski ya protini siku chache baada ya ritachi (kupaka dawa nywele mpya), ikifuatwa na kondishena, huziba nyufa kwa muda mpaka ioshwe, kisha hurudiwa. Huo ni ukarabati usiokoma, nao huingizwa kwenye hesabu ya gharama za dawa tangu mwanzo. Kosa kubwa kuliko yote ya saluni ni kupaka dawa kwenye urefu wote wakati inatakiwa iguse nywele mpya tu zilizoota, kwa sababu maski ya mwezi mzima haitengenezi kilichoharibiwa na dakika 15 za dawa.

Joto husaidia maski kuenea. Saluni ya mjini hutumia mashine ya mvuke au draya. Kwenye nyumba isiyo na mashine, kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na mfuko wa rambo uliofungwa kichwani na kitambaa juu yake, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kofia ya plastiki ya kuogea ndiyo iliyobaki, na taulo lililochovywa kwenye maji moto na kukamuliwa hutosha. Baada ya nusu saa hakuna faida inayoongezeka. Kulala na maski usiku kucha huufanya unywele uvimbe kwa maji kupita kiasi, na nywele zinazovimba na kunywea mara kwa mara hulegea.

Maski za jikoni zina wapenzi wengi, na baadhi yake ni chakula kilichopotezwa. Protini ya yai bichi ina molekuli kubwa mno, haiingii popote. Na likisuuzwa kwa maji moto yai hupikwa kichwani, likaokotwa kipande kwa kipande kwa siku mbili. Kiini chake kina mafuta na lesithini, hivyo ulaini unaoonekana ni wa kiini. Parachichi lina mafuta mazuri, lakini lisiposagwa likachujwa nyuzi zake hukwama kwenye mizunguko. Mayonizi ni mafuta, yai na siki, na kinachofanya kazi ni mafuta na siki. Asali huvuta unyevu na husuuzika bila shida, kwa hiyo kijiko kimoja ndani ya kondishena ya kawaida wakati wa mvua hufaa. Kuimimina asali ya nyuki wa Tabora kichwani kwa kikombe ni ubadhirifu, ina kazi bora mezani. Nta ya nyuki, ambayo mkoa huu umeiuza nje kwa vizazi vingi, hushika misokoto vizuri lakini haitoki kwa maji. Ikirundikana hukusanya vumbi lote la stesheni. Mlenda na bamia zikichemshwa hutoa utomvu wenye utelezi halisi, na utomvu huo uliochujwa kwenye kitambaa ni kifumulio kizuri cha bure kwa mtu aliyeishiwa kondishena. Huharibika baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo hutengenezwa wa siku hiyo.

Misuko hubadilisha ratiba yote. Mwenye rasta za wiki sita hawezi kupaka maski, na krimu nzito ikiingia katikati ya nywele za bandia haitoki, huoza. Wakati wa maski ni kabla ya kusukwa, siku moja au mbili, na tena baada ya kufumua, wakati nywele zilizong'oka kwa kawaida bado zimenasa kwenye fundo la shina pamoja na vumbi. Hatua hiyo ndiyo inayopoteza nywele nyingi kuliko nyingine. Zikioshwa kabla ya kuachanishwa, nywele hizo hushikamana na kuwa kitu kimoja kama blanketi. Kondishena ipakwe kwanza, vidole vipite, ndipo shampuu ifuate na kondishena tena. Nywele za uzi, ambazo hunyoosha bila moto, ni njia ya busara kuliko pasi, mradi uzi usikazwe. Misuko ya twende kilioni ya siku tatu haihitaji zaidi ya maji kidogo na mafuta mepesi kwenye mistari.

Wanafunzi, ambao katika shule nyingi za serikali hutakiwa kunyoa, wanaume wanaokata nywele karibu na ngozi, na watoto wadogo hawana unywele wa kutosha kuchakaa. Unywele wa sentimita 1 una kama mwezi mmoja tu tangu uote. Maski kwao ni mapambo, na kondishena si lazima. Mafuta kidogo yanatosha.

Kwa mwenye fedha ya kopo moja tu, kopo hilo ni la kondishena, tena isiyo na jina kubwa. Ikihitajika maski, kondishena hiyohiyo huongezwa kijiko cha mafuta ya nazi na kuachwa dakika 20 chini ya kofia; haitafanya kazi ya protini, lakini hutosha kwa ukavu. Kopo lenyewe hukaguliwa kabla ya fedha kutoka. Julai 2019 usimamizi wa vipodozi nchini ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kibandiko kinatakiwa kuonyesha mtengenezaji, namba ya toleo, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye makopo mengi kuna pia mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye namba kama 12M, yaani miezi 12 tangu siku ya kufunguliwa. Krimu yenye maji ni makao ya vijidudu, kwa hiyo haichotwi kwa mkono mbichi, na ile ya kupimiwa kutoka kwenye ndoo isiyo na kibandiko haijulikani umri wake wala asili yake.

Yako mambo ambayo si ya kopo lolote. Ncha iliyopasuka hugundishwa kwa siku chache na silikoni, kisha hupasuka tena na kupanda juu. Dawa yake ni mkasi. Nywele za mbele zilizopungua kwa kuvutwa na misuko huweza kuota tena zikiachwa mapema, lakini ngozi ikishakuwa laini na kung'aa bila vitundu, shina limekwisha. Mba unaorudi kila mara huhitaji shampuu yenye dawa ya fangasi, kama ketokonazo. Mapunye ya watoto yapo ndani ya shina la unywele ambako dawa ya kupaka haifiki vizuri, na hutibiwa kwa vidonge vya wiki kadhaa vinavyotolewa na mganga wa kituo cha afya, huku chanuo, kofia na mashine ya kunyolea vikitengwa ili ndugu zao wasiambukizwe.